Kitu Kilichotolewa kwa Mungu ni cha Nani?

Mwaka 1892 mafundi walikuwa wakitengeneza kanisa la mtaa wa Wenhaston, kijiji kidogo katika jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza. Juu ya upinde unaotenga ukumbi wa waumini na sehemu ya altare palikuwa na mbao pana zilizopakwa chokaa. Zilionekana chakavu, hazina kazi tena. Basi zikang'olewa na kutupwa nje uani, penye makaburi. Mvua ikanyesha, chokaa ikalegea, na chini yake zikaanza kutokea nyuso za watu.

Ilikuwa picha ya Siku ya Hukumu, iliyochorwa mwishoni mwa karne ya 15. Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua. Malaika Mikaeli ameshika mizani, apima roho, na shetani yuko karibu akingojea sehemu yake. Upande mmoja Petro Mtakatifu awapokea waliookoka, na miongoni mwao wamo mfalme na askofu. Nao wako uchi kabisa, isipokuwa mmoja ana taji kichwani na mwingine ana kofia yake ya kiaskofu, ndiyo maana twajua ni nani. Mkulima wa kijiji kile, asiyejua kusoma, aliinua macho kila Jumapili na kumwona mfalme akienda hukumuni bila nguo. Si mafundisho madogo hayo.

Katikati ya picha pana nafasi tatu tupu zenye umbo la msalaba na la watu wawili. Hapo ziliwekwa sanamu za mbao za Bwana wetu msalabani, na Mariamu na Yohana wakiwa kando yake. Sanamu hizo ziliondolewa wakati wa Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16. Picha nayo ikapakwa chokaa, na chini yake yakaandikwa maneno ya Mtume Paulo kutoka Warumi sura ya 13, yale yanayowaagiza Wakristo wazitii mamlaka zilizopo. Waumini walioletewa picha ya mfalme akiwa uchi mbele ya Mungu, sasa wakaletewa agizo la kumtii mfalme. Maneno yote mawili ni ya kweli. Lakini hatuwezi kujizuia kuona ni nani aliyenunua rangi mara ya pili.

Twawaletea wasomaji wetu habari hii kwa sababu ndani ya mbao zile mna swali ambalo kila mtaa hukutana nalo, tupende tusipende. Mtu anapotoa kitu kwa Mungu, kitambaa, kengele, dirisha, msalaba, kitu hicho huwa cha nani baadaye? Na wale wanaokuja nyuma yake, wakiona kuwa kitu hicho hakifai au kinapotosha watu, wana haki ya kukiondoa?

Kwanza yafaa tujue vitu hivyo vilitoka wapi. Wengi hudhani kwamba makanisa ya zamani ya Uingereza yalijengwa na wafalme na mabwana wakubwa. Yako ya namna hiyo. Kanisa la Long Melford, kwa mfano, lilijengwa zaidi na matajiri wa biashara ya sufu na nguo kati ya miaka ya 1460 na 1490, nao wakachonga majina yao juu ya kuta za nje wakiwaomba wapitao wawaombee. Lakini desturi ya nchi ilikuwa kwamba sehemu ya altare hutunzwa na kasisi mwenye mapato ya mtaa, na ukumbi wote wa waumini hutunzwa na waumini wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 14 Askofu Mkuu Robert Winchelsey alitoa orodha ya vitu ambavyo wana-mtaa walipaswa kuvinunua: vitabu vya ibada, kikombe, mavazi ya kasisi, msalaba wa kubebwa katika maandamano, kengele, na birika la ubatizo lenye kifuniko na kufuli. (Kufuli hilo liliagizwa tangu mwaka 1236, ili watu wasiibe maji ya ubatizo na kuyafanyia uchawi. Msomaji asicheke upesi.)

Maskini walitoa kwa njia zao. Mmoja alitoa kondoo, mwingine mzinga wa nyuki ili nta yake itengenezwe mishumaa. Wanawake wengi waliacha katika wosia wao kile kitambaa kizuri cha kichwani, kile cha sikukuu, kiwe kitambaa cha altare. Hebu tufikiri. Mwanamke amekufa, na nguo aliyojifunga kichwani siku ya furaha yake sasa iko chini ya mkate na divai ya Bwana. Huyo hakuwa na nafasi ya kuchonga jina ukutani.

Hata viti havikuwapo kwa muda mrefu. Watu walisimama au walipiga magoti sakafuni, na kando ya ukuta palikuwa na ukingo wa mawe kwa wazee na wagonjwa. Mabenchi ya mbao yalienea katika karne ya 15. Baadaye sana yakaja mabenchi ya kulipiwa kodi, yenye milango, tajiri mbele na maskini nyuma karibu na mlango, na katika jambo hilo sisi twaona kwamba wale wa kale waliowaza mengi ya kipumbavu juu ya watakatifu walikuwa Wakristo kuliko wajukuu wao.

Mtaa tunaoujua vizuri kuliko yote ni Morebath, katika jimbo la Devon, magharibi ya Uingereza. Twaujua kwa sababu kasisi wake, Christopher Trychay, aliandika hesabu za kanisa kwa mkono wake, na hesabu hizo alizisoma kwa sauti mbele ya watu. Mwanahistoria Eamon Duffy alizieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 2001. Trychay alifika mwaka 1520 akakaa hapo mpaka alipofariki mwaka 1574. Mtaa wote ulikuwa na familia 33 tu.

Mtu wa mitaa yetu akisoma habari za Morebath hatajiona mgeni. Palikuwa na chama cha vijana wanaume na chama cha wasichana, kila kimoja na mfuko wake na taa yake kanisani. Kanisa lilikuwa na kondoo, nao hawakuchungwa mahali pamoja. Nyumba hii ilikaa na kondoo mmoja wa kanisa, nyumba ile wawili, pamoja na kondoo wake mwenyewe. Sufu ikiuzwa, fedha huingia mfukoni. Kondoo akifa, kila mtu husikia siku ya kusoma hesabu. Mbele ya sanamu ya Mtakatifu Sidwell, ambaye kasisi huyu alimpenda sana, watu walileta shanga zao za sala na fedha ya kumtengenezea kiatu.

Trychay alikuwa na jambo moja alilolitamani. Alitaka kanisa liwe na mavazi meusi mazuri ya Misa ya wafu, ili hata maskini wa Morebath azikwe kwa heshima. Alianza kuweka akiba, kidogo kidogo, kutokana na sehemu yake ya sufu na zawadi za watu. Ilichukua miaka zaidi ya 20. Mavazi yakanunuliwa mwaka 1547. Mwaka huohuo Mfalme Henry wa Nane alifariki, akatawazwa mtoto wake Edward wa Sita, na maagizo mapya yakaanza kutoka. Sanamu ziondolewe. Taa zizimwe. Misa ya wafu ikomeshwe.

Katika muda usiozidi miaka mitatu kanisa la Morebath likawa tupu. Taa zilikuwa zimekwisha kukatazwa mbele ya sanamu tangu mwaka 1538, na mifuko ya vyama ikawa haina kazi. Kondoo wakauzwa. Mavazi yakagawanywa nyumbani kwa watu ili yasipotee. Mwaka 1549, Kitabu cha Sala cha kwanza kwa Kiingereza kilipoamriwa kutumika tangu Jumapili ya Pentekoste, watu wa Devon na Cornwall waliasi, na hesabu za mtaa zaonyesha kwamba Morebath uliwagharimia vijana watano kwenda kambini kwa waasi, nje ya mji wa Exeter. Jeshi la serikali liliwashinda, na waliouawa katika maasi hayo walikuwa maelfu. Halafu, kati ya 1552 na 1553, makamishna wa mfalme walipita kila mtaa kuandika vyombo vya kanisa, na vyombo vya fedha visivyohitajiwa tena vikachukuliwa na hazina ya serikali.

Sasa hapa ndipo penye ugumu, nasi hatutaki kuukwepa. Kitabu kile walichokipinga wale vijana ndicho babu wa Kitabu chetu cha Sala. Kila tunaposali kwa Kiswahili, lugha tunayoielewa, tunavuna matunda ya wale waliosema kwamba watu wasiachwe kutazama tu, bali wasikie na kuitikia. Agizo la mwaka 1538 lililoondoa mishumaa ndilo lililoamuru pia kwamba kila kanisa liwe na Biblia kubwa ya Kiingereza mahali ambapo wana-mtaa wataweza kuisoma. Hatuwezi kuipokea Biblia kwa mkono mmoja na kuwatukana walioileta kwa mkono wa pili. Tena tuseme wazi: watu walikuwa wakiomba kwa sanamu yale ambayo yapasa kuombwa kwa Mungu peke yake, na kasisi aliyeona hivyo akanyamaza hakuwa mchungaji.

Wanaotetea kuondoa vitu hivyo hutukumbusha Mfalme Hezekia. Katika Wafalme wa Pili sura ya 18 twasoma kwamba aliivunja nyoka ya shaba kwa kuwa watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Na nyoka hiyo ilitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu mwenyewe! Basi kama kitu kilichoamriwa na Mungu chaweza kuvunjwa kinapokuwa kikwazo, kiatu cha fedha cha Mtakatifu Sidwell ni kitu gani? Hoja hii ni nzito, nasi twaikubali. Kitu kilichotolewa kwa Mungu hakigeuki kuwa Mungu. Mtoaji hawezi kulifunga Kanisa milele kwa sababu tu alitoa kwa machozi.

Lakini tuendelee kusoma sura hiyohiyo, maana wengi hufunga kitabu hapo. Aya chache mbele Mfalme wa Ashuru anakuja na jeshi, naye Hezekia yuleyule anachukua fedha yote iliyoonekana katika nyumba ya Bwana, anabandua dhahabu ya milango ya hekalu, anampelekea adui. Mara mbili mfalme mmoja aliondoa vitu vitakatifu. Mara ya kwanza aliwaondolea watu kikwazo, wala hatuambiwi kwamba alifaidika na ile shaba. Mara ya pili alilipa deni la serikali. Maandiko humsifu kwa ile ya kwanza. Kwa ile ya pili hueleza tu yaliyotokea.

Nadhani tofauti hiyo ndiyo inayotusaidia zaidi kuliko ubishi wa sanamu na mishumaa. Katika mambo ya Morebath yalifanyika yote mawili kwa pamoja, na kwa mkono mmoja, hata waumini wasiweze kuyatenga. Waliambiwa kwamba kikombe chao cha fedha kinaondolewa kwa ajili ya dini safi, kisha wakaona kinakwenda hazina ya mfalme aliyekuwa na madeni ya vita. Yuda Iskariote naye alisema marhamu ya Mariamu ingeuzwa wapewe maskini, na Yohana anatuambia kwa nini alisema hivyo: alikuwa mwenye kushika mfuko. Maneno yake hayakuwa na kasoro yoyote. Hata leo ukiyaandika katika kumbukumbu za halmashauri ya mtaa yatapita bila kupingwa.

Wala si vema kumtupia kila ubaya adui mmoja. Katika kanisa la Blythburgh, hukohuko Suffolk, wako malaika wa mbao darini ambao walikutwa na risasi ndogondogo miilini. Kwa muda mrefu watu walisimulia kwamba ni askari wa William Dowsing waliowapiga, yule aliyetumwa mwaka 1643 na 1644 kuvunja sanamu na vioo vya rangi katika makanisa zaidi ya 200. Dowsing alifanya mengi, na aliyaandika mwenyewe. Lakini risasi zile ni za karne ya 18, na hesabu za kanisa zaonyesha malipo kwa watu waliopiga kunguru waliokuwa wakiingia ndani. Waumini wenyewe, kwa nia njema, wakiwafukuza ndege.

Turudi Morebath. Mwaka 1553 alitawala Malkia Mary, na ibada ya zamani ikarudishwa. Hapo ndipo vitu vilipoanza kurudi kanisani. Mmoja baada ya mwingine, watu walileta walichokuwa wamekificha: mwingine picha, mwingine kitabu, mwingine kipande cha sanamu alichokuwa amekifunika nyumbani. Mavazi meusi yakarudi. Miaka mitano baadaye Malkia Elizabeth wa Kwanza akatawala, na yote yakaondolewa tena. Trychay hakuondoka. Alibaki na watu wake, akisoma Kitabu cha Sala cha Kiingereza, mpaka alipokufa. Wako wanaomwita kigeugeu. Sisi hatuthubutu. Aliwabatiza wote wale, na nani mwingine angewazika?

Watu walioficha vitu hivyo walifanya vibaya au vyema? Walivunja amri ya mfalme, na pengine walishikilia mambo ambayo sisi tusingeyashikilia. Hata hivyo twaona kwamba walielewa jambo ambalo makamishna hawakulielewa. Hawakusema, hiki nilitoa mimi, basi ni changu, nitakiuza. Walikitunza kama amana. Roger Martyn wa Long Melford, aliyeandika kumbukumbu za kanisa lake katika uzee wake, alikuwa na kazi ya kuchonga ya mateso ya Bwana iliyotoka kanisani, imechakaa, ameiweka nyumbani kwake, naye alitumaini kwamba warithi wake wangeitengeneza na kuirudisha siku moja. Hakudai kwamba ni yake. Alijiona mlinzi wa kitu cha mtu mwingine.

Basi ndivyo tunavyojibu swali letu, kwa kadiri tunavyoweza. Kitu kilichotolewa kwa Mungu si cha mtoaji tena, wala cha watoto wake, wala cha kasisi, wala cha halmashauri, wala cha serikali. Wote hao ni watunzaji. Mtunzaji aweza kulazimika kukiondoa. Lakini hawezi kukiondoa kama mwenye mali, usiku, bila kuuliza, kisha asieleze fedha yake imekwenda wapi. Katika Kanisa la Uingereza leo, mtaa hauwezi kutoa hata benchi bila kibali cha mahakama ya kanisa ya dayosisi. Tangazo hubandikwa mahali pa wazi, na mwana-mtaa yeyote aweza kupinga. Utaratibu huo huchosha, na wengi huunung'unikia. Watu ambao babu zao walipita yale hawana budi kuchoshwa kidogo.

Nasi wa Afrika Mashariki ugomvi huu tuliletewa pamoja na Injili. Wamisioni wa CMS, waliotangulia Mombasa na Krapf mwaka 1844, walitoka upande uliopenda kanisa jeupe, meza na Neno. Wale wa UMCA, waliofika Unguja mwaka 1864, walileta uvumba, mavazi ya rangi na msalaba wenye sura ya Bwana. Hata leo Mwanglikana wa Masasi akihamia Dodoma huona tofauti siku ya kwanza, na wa Dodoma akihamia Masasi huuliza kama amekosea mlango. Tangu Jimbo la Tanzania lilipoundwa mwaka 1970 wote wawili ni watoto wa nyumba moja. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, aliyetetea uvumba na altare kuliko wengi, ndiye aliyewaambia wenzake mjini London mwaka 1923 kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu katika Sakramenti ikiwa hawamhurumii Yesu katika vibanda vya maskini. Hakusema waondoe uvumba. Wala hakusema uvumba watosha.

Siku hizi mitaa mingi inajenga makanisa makubwa mapya, nasi twafurahi. Mara nyingi kanisa la zamani hubomolewa, lile la matofali ya udongo au la mabati yaliyoshika kutu, na vitu vyake hupelekwa stoo. Msalaba uliochongwa na fundi ambaye hakulipwa. Kitambaa cha altare kilichofumwa na akina mama ambao wengine wamekwisha kufariki. Benchi lenye jina limeandikwa kwa msumari upande wa chini. Pengine kweli havifai kanisa jipya. Lakini ni mtaa gani umeandika ni nani aliyetoa nini? Tumeona orodha za mali ya kanisa zenye pikipiki, jenereta na vipaza sauti, kila kimoja na bei yake, kisha mstari mmoja mwishoni: vitu mbalimbali vya altare.

Twaiomba kila halmashauri, kabla ya kupanga siku ya kubomoa, iwatafute wazee walio hai, hasa akina mama, ikae nao na daftari, ivitoe vitu hivyo stoo kimoja kimoja na kuuliza kila kimoja kilitoka wapi. Wakisema kiondoke, kiondoke. Majina yasomwe kwa sauti kanisani Jumapili inayofuata, kama Trychay alivyosoma habari za kondoo wake.